Ma Kokushubila na Senene wa Maji

Mwaka 1970 maendeleo yaliingia kijijini kwetu Nyakabwera ndani ya pipa la buluu. Sitanii. Yaliletwa na Landrova kutoka Bukoba mjini kwa barabara ya Muleba, yamefunikwa gunia la kahawa lililoloweshwa maji, na pembeni yake amekaa Bwana Samaki Datius, afisa wa uvuvi, mtu wa Buhembe, amelikumbatia pipa kwa mikono miwili kama padri aliyebeba Ekaristi siku ya maandamano. Mimi nilikuwapo. Nilikuwa katibu wa kijiji. Jina langu Protase, nilifukuzwa seminari ndogo kwa kosa la kucheka wakati wa misa, na kwa kuwa nilijua kuandika vizuri na kunyamaza nikiambiwa ninyamaze, TANU iliona ninafaa.

Habari hizi naziandika kwa ajili ya Ma Kokushubila, si kwa ajili ya pipa. Wenyeviti wana watu wa kuwaandika. Maaskofu vilevile. Mjane wa bondeni huandikwa mara mbili tu, siku ya ubatizo na siku ya mazishi, na hata hapo jina hukosewa. Mimi niliishi naye kijiji kimoja miaka ishirini na zaidi, nikala chakula chake bila aibu, na sasa nimezeeka, kwa hiyo naona ni haki nimlipe kwa kitu pekee ninachokijua, yaani kalamu.

Alikuwa mjane wa Ishengoma, mtu mpole aliyekufa kwa homa mwaka 1964 bila kuacha mtoto wa kiume. Aliacha binti mmoja, Immakulata, aliyeolewa baadaye Kahororo. Kwa mila zetu za wakati ule, hilo lilitosha kumaliza mazungumzo. Kibanja, yaani shamba la nyumbani, na migomba yake, na mibuni iliyopandwa na marehemu kwa mikono yake, vyote vilikwenda kwa mdogo wake, Anatory. Anatory alilia sana mazishini. Alilia huku anatazama mipaka.

Ma Kokushubila aliachiwa kibanda kilichokuwa jiko, ukingoni mwa migomba, na bonde. Bonde lile hakuna mwanamume aliyelitaka. Lilikuwa mafunjo matupu, mbu, ruba, na tope la kumeza mguu hadi gotini. Anatory alimpa kwa sauti kubwa, mbele ya watu, ili ukarimu wake usipite bila kusikika.

Basi yule mama akashuka. Alikata mafunjo, akachimba mitaro, akainua matuta, akapanda magimbi. Kiangazi, mashamba ya juu yalipokauka, alipanda maharage na kabichi kwenye tope lenye unyevu, akapeleka kabichi jikoni kwa masista wa misheni. Ilimchukua miaka sita. Mwaka ambao migomba yetu iliingiwa na funza, nusu ya kijiji ilikula magimbi yake, na mimi nilikuwa katika nusu hiyo. Ndipo macho ya Anatory yalipoanza kuteremka mlima.

Turudi kwenye pipa. Juu kidogo ya bonde la Ma Kokushubila tulikuwa tumechimba bwawa la ujamaa. Tulilichimba kwa kujitolea kila Jumamosi, na kwa kujitolea nina maana kwamba asiyejitolea aliandikwa jina. Datius alisimama ukingoni mwa bwawa, soksi zimevutwa mpaka magotini, akafunua gunia. Ndani walikuwamo viumbe wekundu wenye magamba, mikasi miwili mbele na mkia wa kujikunja nyuma. Watoto walikimbia. Wazee wangependa kukimbia.

"Hawa ni kamba wa maji baridi," alisema Datius. "Asili yao Marekani. Hawa wamepitia Uganda. Wazungu wanawala hotelini kwa uma na kisu. Ni protini tupu."

Mwenyekiti wetu, Ta Rwegasira, mtu mnene mwenye sauti ya kanisani, alipiga makofi kwanza ili sisi tujue kwamba ni wakati wa kupiga makofi. Hapo ndipo Ma Kokushubila, aliyekuwa amesimama nyuma na jembe begani, alipouliza swali.

"Waitu, waheshimiwa, hao wanakula nini?"

Datius alifungua kijitabu. "Wanakula mabaki, mama."

"Mabaki ya nini?"

"Mabaki tu. Vitu vilivyobaki."

"Na vikiisha vilivyobaki?"

Datius aligeuza ukurasa, akakuta picha. Ta Rwegasira alisema kwamba maswali ya kitaalamu yatajibiwa na wataalamu. Mtaalamu mwenyewe alikuwa hapo hapo, ila kwa wakati huo alikuwa ameitwa kula matoke. Alikula, akapanda Landrova, akaenda. Pipa alituachia. Lilikuwa pipa zuri, na kwa maoni yangu ndiyo sehemu ya mradi iliyofanikiwa bila matatizo.

Mvua za vuli zilipoanza, kamba walilitazama bwawa letu, wakaona ni udongo mwekundu, maji, na ubao ulioandikwa BWAWA LA UJAMAA. Ubao hauliwi. Wakahama. Nakwambia nilikutana nao njiani asubuhi moja, mvua ikinyesha, wanateremka wamenyanyua mikasi juu kama wanajeshi waliosalimu amri, ila hawakuwa wamesalimu amri hata kidogo. Walikuwa wanakwenda kwa Ma Kokushubila.

Waliingia matutani mwake wakala maharage yakiwa ndiyo kwanza yanachomoza. Walikata machipukizi ya magimbi. Walikula mayai ya vyura, mpaka vyura wakanyamaza, na bonde lililokuwa na kelele kila jioni likawa kimya. Kisha wakaanza kuchimba. Kingo za mitaro ile, ambazo mama alizishindilia kwa miguu yake mwaka baada ya mwaka, zikajaa matundu ya kuingia mkono. Maji yakatoka mahali yalipotakiwa yakaenda mahali yasipotakiwa. Tuta moja likakauka, lile la pili likazama.

Nilimkuta ameketi kwenye tuta lililozama, miguu majini, analia. Sikuwahi kumwona analia, hata kwenye mazishi ya Ishengoma hakulia mbele za watu. Niliona aibu, kwa sababu lile bwawa nililichimba mimi pia, na ule ubao niliuandika mimi.

"Katibu," aliniambia bila kufuta macho, "kibanja walichukua nikanyamaza. Hili nililitengeneza mwenyewe. Hili likienda, mimi nitakuwa mtu wa wapi?"

Nikafanya kile ambacho makatibu hufanya. Niliandika barua. Nilieleza matundu, maharage, magimbi na vyura, nikagonga mhuri, nikaipeleka Bukoba kwa basi. Baada ya miezi mitano jibu lilifika. Bwana Samaki Datius alikipongeza kijiji cha Nyakabwera kwa kuzalisha kamba kwa wingi kuliko kijiji chochote, na aliahidi kuja kuwaona.

Ma Kokushubila hakungoja. Alisuka migono kwa mafunjo yaleyale ya bondeni, mitego ya mdomo mpana kwa nje na mwembamba kwa ndani, akaweka maganda ya ndizi yaliyooza, akaipanga mitaroni. Kila asubuhi aliinua migono imejaa. Matundu aliyaziba kwa udongo wa mfinyanzi aliochanganya na majivu, akiukandamiza kwa kisigino. Kamba walichimba, yeye akaziba. Kamba walikula, yeye akapanda upya, mbegu akaiazima kwa Klaudia, mke wa mwenyekiti, ambaye alikuwa rafiki yake tangu wote wawili walipokuwa mabinti. Misimu miwili yote ilikwenda hivyo. Mwishoni mwa msimu wa pili maharage yalisimama. Alinyauka, akabaki mifupa na macho, lakini maharage yalisimama.

Datius alikuja kweli. Alipoliona bwawa halina kitu na bonde limejaa, alisema ni mafanikio. Akaomba sufuria. Mbele ya ofisi ya kijiji akachemsha kamba wa Ma Kokushubila kwa chumvi na pilipili, wakawa wekundu wa kung'aa, akavunja mmoja, akafyonza, akalamba vidole. Sisi wanaume tulitazamana. Anatory, ambaye hakupata kupishana na chakula cha bure akakiacha kiende zake, alijaribu wa kwanza. Kisha wa pili. Baada ya hapo hakuna aliyekuwa anasubiri kukaribishwa. Mtu alileta rubisi, pombe yetu ya ndizi. Lazima niseme ukweli kwamba kamba na rubisi vinapatana kuliko watu wengi niliowahi kuwafungisha ndoa ofisini.

Walipobaki wachache ndipo tatizo likaonekana. Wake zetu walikuwa wamesimama pembeni, na mmoja wao akasema kwamba harufu ni nzuri.

Ta Rwegasira aliitisha mkutano wiki ileile. Mwezi mmoja kabla ya hapo, mwenyekiti huyuhuyu alikuwa ametusomea waraka kuhusu usawa wa mwanamume na mwanamke katika kujenga taifa, ameusoma kwa machozi kidogo. Sasa alisimama na kusema kuna jambo zito la mila. Akampa Anatory nafasi.

"Ndugu zangu," Anatory alianza, "mdudu huyu ana miguu mingi. Ana pembe. Anakuja na mvua. Ukimgusa anaruka kinyumenyume. Tunamchambua miguu, tunampika, anabadilika rangi. Sasa niambieni, huyo ni nani kama si senene?"

Wanaume tulinung'unika kwa kukubali. Kwa msomaji asiyetufahamu, nieleze. Senene ni panzi wa kijani wanaoshuka kwetu msimu wa mvua, na hakuna Mhaya anayeweza kuzungumza juu yao bila mate kumjaa mdomoni. Kwa mila za zamani mwanamke huwakusanya, huwachambua mabawa na miguu, huwakaanga, huwapakua. Mwanamume huwala. Mwanamke hawali. Shule na misheni zilikuwa zimeanza kuilegeza mila hiyo, na wasichana wengi walikuwa wanakula bila mtu kufa. Lakini siku ile mila ilirudi na nguvu mpya, imeshiba vizuri.

"Basi hawa ni senene wa maji," alisema Ta Rwegasira, "na wanawake wetu tunawaheshimu, hatutaki wavunje mwiko. Wanaokubali?"

Mikono ya wanaume ikapanda. Mikono ya wanawake ilikuwa na watoto wachanga na vikapu, kwa hiyo haikuhesabika. Nikaandika. Sentensi ile naikumbuka neno kwa neno, kwa sababu baadaye nililazimika kuisoma nimesimama: *Mkutano umekubali kwa kauli moja kwamba wadudu wa bwawani ni senene, na kwamba desturi zote za senene zitawahusu.* Hilo neno "zote" hakuniambia mtu niliweke. Nililiweka kwa sababu seminari ilinifundisha kupenda sentensi inayojaa vizuri.

Tangu siku hiyo Ma Kokushubila alituletea kamba. Aliyekuwa na migono ni yeye, na aliyejua kuwategea ni yeye. Kila Jumapili baada ya misa alipita na kikapu kilichofunikwa jani la mgomba: kwa mwenyekiti, kwa Anatory, kwa mabalozi wa nyumba kumi, kwangu. Alikuwa amekwisha kuwachambua na kuwachemsha. Alipiga goti kidogo, akaweka kikapu, akasema, "Karibuni senene, waitu," akaenda zake. Hakuomba chumvi, hakuomba sabuni. Tulisema ni mama mwenye moyo. Anatory alisema kwamba shemeji yake hatimaye amejua nafasi yake.

Mwaka mzima tukala namna hiyo.

Kisha ukaja mwaka 1972 na agizo la Siasa ni Kilimo. Kila kijiji kionyeshe mradi wa uzalishaji, na wakubwa watakuja kukagua. Sisi mradi wetu ulikuwa ubao na pipa. Ta Rwegasira hakulala raha. Ndipo Anatory alipomjia na wazo ambalo kwa haki kabisa lilistahili kuandikwa kwenye marumaru.

Alisema hivi. Kamba wamelikataa bwawa, wamelichagua bonde. Basi bonde ndilo bwawa. Tulijaze maji, yaani tuzibe mdomo wa bonde kwa tuta kubwa, magimbi na maharage yafunikwe, tupate ziwa zima la kamba. Wakubwa wakija wataliona tangu barabarani. Kuhusu msimamizi wa mradi, yeye Anatory yuko tayari kujitolea. Na shemeji yake asionewe, apewe kipande kule juu kwenye rweya, nyikani, kwenye hewa safi. Rweya yetu ni mawe na majani ya kuezekea. Hata mbuzi huikimbia wakateremka.

"Kamba ndio walioamua," alisema Anatory. "Sisi tunafuata tu maoni ya wazalishaji."

Ta Rwegasira alilipenda sana hilo la wazalishaji. Mkutano ukapangwa Jumamosi.

Alhamisi mchana Ma Kokushubila alikuja ofisini. Alisimama mlangoni, tope limekauka miguuni.

"Katibu, yale maandishi ya senene unayo?"

"Ninayo, Ma."

"Mchwa hawajayala?"

"Hawajayala."

"Basi bojo, nakuomba, Jumamosi uje nayo. Usiyasahau nyumbani kama unavyosahau kanzu ya misa."

Nilimuuliza ana mpango gani. Niliona uso wake umekaza, na nikajua kwamba ana hofu kubwa kuliko anavyoonyesha.

"Sina mpango. Nina hilo bonde tu," alisema, akaondoka.

Jumamosi watu walijaa uwanjani mbele ya ofisi. Wanaume kwenye mabenchi, wanawake chini kwenye majani, kama tulivyozoea kuujenga usawa. Ta Rwegasira alieleza mradi kwa nusu saa. Anatory alieleza hewa safi ya rweya. Kisha mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno, kwa ile sauti inayomaanisha kwamba hakuna.

Ma Kokushubila alisimama. Alivaa kitenge chake cha kanisani, kilichopauka mpaka maua yake ukiyatafuta huyaoni.

"Naomba katibu asome ile karatasi ya senene."

Ta Rwegasira alisema hiyo si ajenda. Klaudia, mkewe, aliyekuwa ameketi chini katikati ya wanawake, alikohoa. Kilikuwa kikohozi cha nyumbani, cha mtu anayepika chakula cha jioni, na mwenyekiti alikielewa. Akanipa ishara nisome. Nikasoma.

"Rudia pale pa desturi," alisema mama.

"*Na kwamba desturi zote za senene zitawahusu.*"

"Zote?"

"Zote, Ma."

"Umeandika wewe?"

"Nimeandika mimi, Ma." Na nilianza kuona anakokwenda.

Aligeukia mabenchi. "Basi nawauliza ninyi wazee wetu mnaojua mila. Mwanamke akimletea mwanamume senene, mwanamume akala, desturi inasema nini?"

Wote tulijua. Kwetu Nyakabwera, mwanamume aliyekula senene walioletwa na mwanamke humvika. Humletea nguo mpya msimu huohuo. Na yule aliyekula asivike, huyo hana mdomo mbele ya mwanamke yule. Akiombwa kitu hawezi kukinyima, mpaka atakapovika. Nusu hii ya mila tulikuwa tumeisahau. Sijui kwa nini ile nusu ya kula ilikumbukwa vizuri namna ile.

"Ta Rwegasira, umenivika?"

Mwenyekiti alitazama kitenge kilichopauka. Uwanja mzima ulikitazama.

"Anatory, shemeji yangu, wewe umekula wengi kuliko wote. Umenivika?"

Alipita benchi lote, mmoja mmoja, kwa jina, bila kupandisha sauti. Alipofika kwangu nikainamisha kichwa. Nimewahi kuaibishwa na gambera, mkuu wa seminari, mbele ya wavulana mia mbili, lakini aibu ile ilikuwa ya kitoto.

"Nguo sizitaki tena," alisema. "Hiki kinanitosha mpaka kaburini. Naomba bonde langu. Na baada yangu, Immakulata. Liandikwe, lipigwe mhuri. Mwenye mdomo wa kuninyima asimame."

Anatory alisimama. Sharti nimsifu kwa ushujaa. "Mwenyekiti, huu ni upuuzi! Wale si senene! Senene wanaruka angani, wale wanatambaa matopeni! Mtu yeyote mwenye akili anajua wale si senene!"

"Eee," alisema Klaudia, akanyanyuka na kujikung'uta majani. "Kumbe si senene?"

"Si senene kabisa!"

"Basi hakuna mwiko. Wanawake wenzangu, mmesikia. Leo tunashuka na masufuria, tunapika, tunakula. Na kesho, na keshokutwa. Waume zetu watapata magimbi."

Wanawake wote wakaanza kunyanyuka. Ta Rwegasira aliruka kutoka kwenye kiti. "Ngojeni! Ngojeni kwanza! Kaeni!"

Nimehudhuria mikutano mingi ya chama, lakini sijapata kumwona mtu akifikiri kwa bidii kama mwenyekiti wetu alivyofikiri pale. Mkono mmoja ulikuwa na mradi, wakubwa, Landrova, pengine cheo tarafani. Mkono wa pili ulikuwa na Jumapili baada ya misa, kikapu chenye jani la mgomba, na rubisi. Alifuta jasho. Alimtazama Anatory kwa chuki. Mwishowe alinyoosha mgongo, akaitoa ile sauti yake ya kanisani.

"Chama hakiwezi kuvunja maandishi yake. Iliandikwa ni senene. Ni senene. Katibu, andika bonde ni la mama huyu na binti yake. Wanaokubali?"

Mikono yote ya wanaume ikapanda, kwa ajili ya tumbo. Niliandika haraka, nikagonga mhuri mara mbili ili mmoja ukifutika mwingine ubaki. Ma Kokushubila aliipokea karatasi kwa mikono miwili, akaikunja, akaiweka kifuani. Hakucheka. Alirudi bondeni kuangalia migono.

Wakubwa walipokuja tuliwaonyesha pipa. Walilisifu. Datius alipandishwa cheo, akahamia mkoa mwingine kupeleka maendeleo. Matundu hayakuisha, na mama aliendelea kuyaziba kwa kisigino mpaka uzee ukamshinda, ndipo Immakulata akarudi kutoka Kahororo baada ya kufiwa na mume, akayaziba yeye. Hakuna aliyemuuliza ni mtu wa wapi. Karatasi ilikuwapo.

Ma Kokushubila alifariki mwaka 1989. Kibanjani kwa marehemu mumewe kulikuwa na watoto wa Anatory, na Immakulata hakwenda kuwaomba. Alisema mama yake atazikwa kwenye ardhi yake, kwenye ule ukingo wa juu wa bonde, palipokuwa pakavu, penye kibanda alichokuwa akipumzikia mchana. Wanaume tukashuka na majembe. Ta Rwegasira alikuwa mzee wa kutembelea fimbo, lakini alikuja. Hata Anatory alikuja, na safari hii hapakuwa na mpaka wa kutazama.

Tulipochimba kufika magotini, majembe yalianza kulia kacha-kacha. Tukadhani ni changarawe. Niliinama nikachota kwa mkono. Yalikuwa magamba. Mikasi, vichwa, mikia iliyovunjwa, magamba juu ya magamba, ya chini yameoza kuwa unga, ya juu bado yana wekundu. Na pembeni, chini ya udongo kidogo, mafiga matatu yaliyoungua kwa moto wa miaka mingi.

Tulisimama. Niliokota mkasi mmoja nikaulinganisha na kiganja changu. Ulikuwa mrefu kuliko kidole changu cha kati. Kwa miaka yote ile, kikapuni mwangu, sikupata kuletewa kamba mwenye mkasi uliozidi kucha ya dole gumba.

Klaudia alikuwa amekaa kwenye majani na wanawake wengine, wanachambua maharage ya msiba. Alituona tunavyoyatazama magamba, akaanza kucheka, yule bibi, mabega yanatikisika, machozi ya msiba na ya kicheko yamechanganyika.

"Alikuwa anawachagua kwanza," alisema. "Wakubwa wa kwetu, wadogo wa kwenu. Kila siku ya kupalilia. Tangu mwaka ule wa pipa."

"Tangu kabla ya mkutano?" aliuliza Ta Rwegasira, na sauti yake ya kanisani haikuwapo tena.

"Kabla ya mikutano yote miwili, mzee wangu."

Kwa hiyo siku ile waliponyanyuka kwenda kupika walikuwa wameshiba. Walitutisha kwa kitu walichokuwa nacho tayari, na sisi tukatoa bonde ili tukilinde. Nilifurahi. Nasema kweli, nilisimama ndani ya kaburi lake nikafurahi, na nikamlilia kwa mara ya kwanza tangu afe.

Kisha nikakumbuka kitu. Nikainua macho kumtafuta mke wangu, ambaye kila juma kwa miaka ishirini alikuwa akienda kumsaidia Ma Kokushubila kupalilia, na kila mara alirudi akisema hana njaa. Alikuwa amesimama juu yangu na kikapu cha kubebea udongo.

"Chimba, Protase," aliniambia. "Jua linapanda."